Mbegu ya mashanza ya Mukamazimpaka

Tangu azaliwe, Muzee Nzabonimpa hakuwahi kuingiza mukono katika kibuyu cha maziwa. Kwao, katika milima ya Masisi, mwanaume anakama ng'ombe, anafikisha maziwa mulangoni, kazi yake imeisha. Yanayofuata ni ya bibi yake. Mwanaume akichungulia ndani ya kibuyu, wanawake wanamucheka mpaka kanisani.

Kibuyu chenyewe kilikuwa cha Mukamazimpaka, bibi yake. Kilikuwa na shingo ndefu, tumbo jeusi kwa moshi, na kifuniko cha majani ya kusukwa. Ndani hakikukauka hata siku moja. Mukamazimpaka alipomimina mashanza, yale maziwa mazito ya kuchacha ambayo watu wanakula kwa viazi, aliacha kidogo chini. Juu ya yale kidogo alimwaga maziwa mapya, akafunika, na kesho yake yote yalikuwa mashanza. Yale ya chini aliyaita mbegu. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Mama yake alipewa na mama yake. Huko nyuma zaidi hakuna anayejua.

Maisha ya Nzabonimpa, ukiyasimulia, ni kama kupanda na kushuka mulima ule ule. Alijenga, wakachoma. Alifuga, wakachukua. Mwaka wa tisini na tatu walikimbia kwa mara ya kwanza. Yeye alifungua ng'ombe. Mukamazimpaka alifunga kibuyu mugongoni, mahali pa mutoto, na mutoto akatembea kwa miguu, ameshika pindo la kitenge.

"Unaacha sufuria, unabeba maziwa?" bwana alimuuliza.

"Sufuria iko sokoni," bibi alijibu bila kugeuka.

Walirudi, wakakimbia tena. Majina ya wenye bunduki yalibadilika, njia ya kukimbilia ilikuwa ile ile. Vijana wao wawili waliishia katika vita, mmoja alichukuliwa, mwingine alikutwa njiani, amekufa. Alibaki musichana, Umugwaneza, naye aliolewa upande wa Rutshuru. Vita ilipofika kule, alivukia Uganda na bwana yake. Wakati ng'ombe hazikuwapo, Mukamazimpaka alizunguka kwa majirani kuomba kikombe cha maziwa, si cha kunywa, cha kulisha kibuyu. Watu walizoea. Walisema, "Ule mama ana mutoto asiyekua."

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na ine, mabomu yalipoanza kuanguka karibu na Sake, waliteremka kama wengine wote. Ng'ombe wa mwisho alibaki kwa wanaume wenye bunduki, amechomwa na kuliwa barabarani. Wakafika Lac Vert, katika kambi, juu ya mawe meusi ya volkano. Nyumba ilikuwa fito na shitingi nyeupe, turubai ya musaada. Ukilala, jiwe linahesabu mbavu zako.

Mvua iliponyesha wiki nzima, kifua cha Mukamazimpaka kilifungwa. Alikohoa, akakonda, akaacha kula. Muchana mmoja alimuita bwana yake karibu.

"Umugwaneza ana mimba," alisema. "Atakuja kuchukua kibuyu. Usiache kikauke."

"Mimi sijui kazi hiyo."

"Utajua. Unaacha kidogo chini. Unaongeza. Basi."

Akafumba macho. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Walimuzika pembeni, mahali ambapo udongo ulifichama kidogo kati ya mawe.

Nzabonimpa hakulia mbele za watu. Alirudi katika shitingi, akakalia jiwe, akakiangalia kibuyu. Kisha akaingiza mukono.

Jirani yake, Charline, mama wa Butembo aliyeletwa Goma na biashara na kuangushwa kambini na vita, alimuona siku hiyo hiyo.

"Eh, papa! Umekuwa bibi?"

"Bibi hayuko."

"Basi nitakutafutia kitenge uvae." Akacheka, kisha akajutia kicheko chake, akaleta viazi viwili vya kuchemsha katika sahani. Ndivyo alivyokuwa Charline. Mudomo ulitangulia, mukono ulifuata nyuma na kitu.

Kazi ngumu ilikuwa kupata maziwa. Zamani Goma ilikunywa maziwa ya Masisi. Sasa barabara ya Sake ilifungwa na vita. Maziwa kidogo yalipita kwa maji. Namegabe, mwanaume mufupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, aliyaleta kwa boti kutoka upande wa Minova mpaka Kituku, soko la kando ya ziwa. Nzabonimpa alitembea kutoka Lac Vert mpaka Kituku, akapita kati ya wauza samaki, akasimama na chupa yake.

"Muzee wa chupa!" Namegabe aliita. "Leo tena? Kile kibuyu chako kinakunywa kuliko sajini wa jeshi."

"Ongeza kidogo."

"Nikiongeza, utanipa musichana wako?"

"Ameshaolewa."

"Basi nipe kibuyu, nioe kile."

Watu wakacheka. Nzabonimpa naye alicheka kidogo, kwa pua. Alibeba chupa kifuani, ndani ya koti, akarudi. Kibuyu kilipokea. Kesho yake kilinuka vizuri, ile harufu ya nyumba yao. Alikuwa anaweka pua shingoni mwa kibuyu, anafunga macho, na kwa muda mufupi kulikuwa na mutu ndani ya shitingi. Hakumuambia yeyote.

Habari zilikuja kwa simu ya mutu, kwamba Umugwaneza alizaa, muvulana, na atakuja njia ikifunguka.

Halafu boti ikapungua. Vita ilisogea upande wa Minova pia. Siku nyingine Namegabe alikuja mikono mitupu, siku nyingine hakuja kabisa. Mbegu chini ya kibuyu ilianza kuwa kali, ya kuchoma pua. Ilikuwa na njaa, Mukamazimpaka angesema.

Kambini kulikuwa na hema moja lenye maziwa. Lilikuwa hema la watoto wenye bwaki, wale waliovimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi ya mahindi. Aliyelisimamia aliitwa Masika, binti aliyetoka Beni, aliyesoma mambo ya vyakula. Nzabonimpa alienda, akavua kofia.

"Mama Masika, ninaomba kijiko kimoja. Si changu."

"Cha mutoto gani?"

Akaonyesha kibuyu. Masika hakucheka. Alikichukua, akanusa, akakaa chini karibu naye kwenye benchi.

"Muzee, siwezi. Haya ni ya wale pale." Akaonyesha kwa kidevu watoto waliolala. "Nikikupa wewe, sitajua namna ya kumunyima mwengine."

"Ninaelewa. Basi niambie, je, naweza kukipa uji? Siye tulizoea maziwa, leo tuko tunakula unga ya musaada. Nacho kizoee."

Masika alitikisa kichwa. Siku hiyo kazi ilikuwa imepungua kidogo, akamueleza, pole pole, kama mutu anayemenya ndizi.

"Ndani ya kibuyu chako muko vitu vidogo, vina uhai, jicho haliwezi kuviona. Vyenyewe ndivyo vinachachusha. Sasa, mwili wa kitu chochote chenye uhai, wako, wangu, wa vile vidogo, umetungwa kama shanga. Kwa masomo tunaziita asidi amino. Aina zake ishirini tu. Ukizipanga hivi, nyama. Ukizipanga vile, ukucha."

"Shanga."

"Ndiyo vile. Wale watoto wamekula fufu ya muhogo peke yake miezi na miezi. Fufu inashibisha tumbo, lakini shanga ni kidogo sana. Mwili unatafuta, unakosa."

"Na mwili hauwezi kuzitengeneza?"

"Nyingine unaweza. Nyingine hauwezi, mpaka uzile. Lakini mwanzoni haikuwa hivyo." Masika akageukia upande ambako ziwa lilionekana, kijivu, kati ya hema mbili. "Mwanzoni kabisa hakukuwa na ng'ombe, wala majani, wala mutu. Kulikuwa maji, mawe, moto wa chini, na gesi kama ile iko chini ya Kivu. Wenye masomo wanafikiri shanga za kwanza zilijitunga zenyewe, katika maji kama yale. Kisha vikatokea vidogo vilivyojua kuzitengeneza. Vilikula gesi na chumvi ya mawe, vikajitungia shanga zote, bila jua, bila hewa ya kupumua. Hata leo ndugu zao wako kule chini."

Nzabonimpa aliangalia ziwa. Alijua gesi. Pale Lac Vert kuna mashimo yenye mazuku, hewa mbaya inayolala chini. Mbuzi anaingia, hatoki. Hakuwahi kufikiri kuna mwenye kuila.

"Na hivi vyangu?"

"Vyako vilikuta maziwa, muzee. Maziwa yana shanga tayari. Vikakaa ndani ya maziwa vizazi na vizazi, mama anampa binti, binti anaongeza. Vikaacha kutengeneza. Sasa vimesahau. Vingi vya aina hiyo, ukivinyima maziwa, haviwezi kuanza upya."

Muzee aligusa shingo ya kibuyu. Kisha akasema, "Kama mimi na yule marehemu."

Masika alimurudishia kibuyu. Baadaye alisema, "Kuna neno moja nalipenda. Hakuna kimoja kati yao kilichotoka patupu. Kila kimoja kimetoka kwa kingine kilichokuwa hai, na kile kwa kingine, mpaka kule chini mwanzoni. Hakuna siku munyororo ulikatika. Ungekatika siku moja tu, kibuyu chako kingekuwa kimya."

Aliondoka na maneno hayo. Hayakumupa maziwa, lakini yalimupa hofu mpya. Zamani aliona amebeba kitu cha bibi yake. Sasa aliona amebeba kitu cha tangu mwanzo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mutu wa megafoni. Kolera ilikuwa imeingia upande wa chini wa kambi. Osheni mikono. Osheni vyombo vyote. Tumieni maji ya pipa, yenye dawa. Nzabonimpa alimusikia kwa mbali tu. Alikuwa anavaa koti aende Kituku, maana mutu alimuambia boti imeonekana.

Alipita kwa Charline. "Uniangalizie mulango."

"Enda tu, papa. Nitaangalia kila kitu."

Kituku kulijaa watu wenye mizigo. Wengi hawakuuza wala kununua, walikuwa wanauliza habari tu. Boti ilikuwa ya Namegabe kweli. Safari hii hakuita mutu. Uso wake ulikuwa umeshuka.

"Muzee wa chupa. Ni mara ya mwisho."

"Kwa nini?"

"Kule ng'ambo tumekimbia. Hii ni ya ng'ombe waliokamwa wakati mabomu yanalia. Leta chupa." Akaijaza mpaka shingoni, akakataa malipo. "Nywesha bibi yangu," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nzabonimpa alirudi mbio, kwa mbio za muzee. Alihesabu moyoni namna ya kufanya. Ataigawa. Kidogo leo, nyingine ataichemsha iweze kukaa. Kibuyu kitavuka. Umugwaneza atakikuta kinapumua. Tangu maziko hakuwahi kutembea na furaha kifuani. Siku hiyo alitembea nayo, chini ya koti, ikiwa bado vuguvugu.

Kwenye mulango wa shitingi, vitu vya Mukamazimpaka vilikuwa vimeanikwa juu ya mawe. Vitenge viwili. Sahani. Kijiko cha mbao. Na kibuyu, kichwa chini, juu ya kijiti, kinamaliza kudondosha maji. Kilikuwa kimepauka. Weusi wote wa moshi ulikuwa umetoka.

Charline alikuwa anajipangusa mikono, amechoka, amefurahi.

"Papa! Kwetu matanga yakiisha, vitu vya marehemu vinaoshwa, roho yake ipumzike. Nikaona wewe hauna mutu wa kukufanyia. Na wale wa kolera wamesema tuoshe vyote. Nimechota kwenye pipa, ile dawa kali kabisa. Kibuyu kilinichosha! Kilikuwa na uchafu umeganda chini, nimeusugua na muchanga mpaka ukatoka wote."

Nzabonimpa alisimama. Maziwa yalikuwa mukononi.

"Papa? Kuna nini?"

Aliangalia mikono ya Charline. Dawa ilikuwa imeichubua, vidole vyekundu. Mwanamke huyu alikuwa ameacha kazi zake muchana mzima.

"Asante, mama Charline," alisema.

Akaingia ndani na kibuyu. Akaweka pua shingoni. Kilinuka robinet, dawa ya maji ya bomba. Hakukuwa na mutu.

Alimwaga maziwa yote ndani yake hata hivyo. Alifikiri labda kimoja kimejificha katika ufa. Kimoja kingetosha, si Masika alisema kila kimoja kinatoka kwa kingine? Akafunika, akakivika koti lake, akakaa nacho kama mutu anayekaa na mugonjwa. Siku zilizofuata maziwa hayakuganda. Yalipasuka vipande, yakawa ya rangi ya maji ya mufereji, yakaoza.

Masika alipopita alinusa, akageuza uso.

"Hii haikuchacha, muzee. Imeoza."

"Walikiosha."

"Nani?"

"Walikiosha tu."

Masika alikaa chini. Nzabonimpa aliuliza lile alilokuwa amelitunza.

"Ulisema mwanzoni shanga zilijitunga zenyewe. Sasa haziwezi tena? Nikiweka maji, na mawe, na nikingoja?"

"Muda wenyewe hauna hesabu, papa." Ilikuwa mara ya kwanza kumuita papa. "Na wakati ule hakukuwa na mwenye kuzila. Leo kitu kidogo kama kile kikijaribu kuanza, wenye kukila wako tayari wanangoja."

"Kama kwetu milimani."

"Kama kwenu milimani. Unaweza kupata mashanza tena, kwa mbegu ya mama mwengine. Yatakuwa mazuri. Lakini vile vya marehemu, hapana."

Alimwaga ule uozo nyuma ya shitingi. Mawe meusi yaliukunywa mara moja.

Kisha vita ikaingia mujini yenyewe. Risasi zilipita juu ya shitingi, watu walilala kifudifudi juu ya mawe, na zilipotulia kulikuwa na wakubwa wengine. Amri ikatoka kwamba kambi ziondoke, kila mutu arudi kwao. Hakuna aliyeuliza kama kwao bado iko. Watu walianza kung'oa fito. Barabara ya Sake ikafunguka.

Ya Rutshuru nayo ilifunguka, Umugwaneza akafika kutoka Uganda. Alikuwa amekonda, mutoto mugongoni, vumbi mpaka kope. Alipiga magoti mbele ya baba yake, wakashikana. Alimuonyesha mutoto. Alionyeshwa kaburi. Alilia, akanyamaza, akajipangusa. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza.

"Papa, kibuyu?"

Akamupa. Charline alikuwa pale pale, anakunja shitingi yake, anawatazama kwa tabasamu la mutu anayejua kwamba alisaidia. Umugwaneza alifungua kifuniko, akaweka pua shingoni, sawasawa na mama yake. Alikaa hivyo muda murefu kuliko inavyohitajika.

"Hakinuki kitu," alisema.

Nzabonimpa alimuangalia Charline, vidole vyake vilivyoanza kupona.

"Kilikauka," alisema. "Sikujua kazi."

Umugwaneza alifunika kibuyu. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wanaume," kwa sauti ndogo, na neno hilo lilimuingia Nzabonimpa pale ambapo hakuna mutu angeweza kulitoa.

"Twende, papa."

Waliagana na Charline. Charline alimupa viazi vya njiani, akamuambia Umugwaneza, "Baba yako ni mutu mwema, hana kelele." Wakatembea pamoja na wengine, godoro vichwani, mbuzi kwa kamba. Walipofika Mugunga, wanawake wa milimani walikuwa wameshaanza kupanga mashanza kandokando ya barabara, katika vindoo vyeupe. Maziwa yalikuwa yamerudi, kama kwamba hakuna lililopita.

Umugwaneza alinunua, akamupa baba yake kikombe.

Alionja. Yalikuwa mazito, baridi, mazuri. Hilo ndilo lililomushinda. Angeweza kuvumilia yangekuwa mabaya. Alirudisha kikombe, akageuza uso upande wa ziwa, maji yale yaliyotulia kama kawaida juu ya wale wa chini wasiohitaji mutu.

Yaliyobaki, Umugwaneza aliyamimina katika kibuyu. Akafunika, akakifunga ubavuni, mutoto akabaki mugongoni. Walipoanza kupanda kuelekea Sake, kibuyu kilianza kutoa ile sauti yake ya zamani, ya maziwa kuchezacheza ndani, polepole, kila hatua. Nzabonimpa alitembea nyuma, akiisikiliza. Alijua vidogo vilivyomo ni wageni ndani ya nyumba ya Mukamazimpaka, na huko juu milimani, katika nyumba yake yeye mwenyewe, huenda wageni pia wamo.